Akili ya mtoto inatoka kwa mama peke yake? Watu wa jeni njooni, nyumbani kwangu kumewaka

#1 Baba_wa_Bagira (Bukavu)
Wakubwa, salamu.
Buletini zimetoka ijumaa. Binti yangu wa la sita kapata 81%, ni wa pili darasani. Mdogo wake, kijana wa miaka tisa, yuko la nne: 43%, na chini yake kalamu nyekundu, "mtoto hafuati". Jioni tuko kwenye fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwa, mke wangu akatoa simu akasoma ujumbe uliopita kwenye kundi la kina mama wa parokia: eti sayansi imethibitisha kwamba akili inakaa kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, kwa hiyo mtoto anaipata kwa mama, baba anachangia sura na hasira tu. Akamwangalia binti, akatabasamu. Akamwangalia kijana, kisha akaniangalia mimi.
Shangazi yangu yupo, ametoka Walungu kutusalimia. Naye akaongeza kwamba kwao tangu zamani mtu akitaka kuoa anaangalia kwanza mama wa msichana, ujumbe haujamfundisha kitu. Nikabaki peke yangu upande wangu wa meza.
Ni kweli hiyo habari ya X? Nataka jibu kabla shangazi hajarudi Walungu.

#2 KasapaBoy (Lubumbashi)
Maji inafwata mukondo, baba. Weye la ine ulipata ngapi? Anzia apo.

#3 Baba_wa_Bagira
Sikumbuki. Ni zamani.

#4 Laborantini_Himbi (Goma)
Ujumbe huo umenifikia mara nne mwaka huu. Ni vipande vya kweli vilivyoshonwa vibaya.
Kipande cha kwanza: kwenye X kuna jeni zaidi ya 100 ambazo moja ikiharibika mtu anaweza kuzaliwa na udhaifu wa akili. Wavulana ndio wanaopata taabu zaidi, maana msichana ana X mbili na nzima inabeba mbovu, mvulana anayo moja. Lakini kujua kinachoharibu si kujua kinachotengeneza. Buji, yaani plagi, ikiungua, pikipiki inazimika njiani. Hakuna motari atakayekuambia kwamba mwendo wote ulikuwa unatoka kwenye buji.
Kipande cha pili ni panya. Miaka ya 1990 wataalamu wa Cambridge walichanganya seli ndani ya viinitete vya panya: nyingine zenye jeni za mama tu, nyingine za baba tu. Za mama zikajikusanya sana sehemu ya juu ya ubongo, za baba zikaenda chini, kwenye sehemu zinazoshughulika na njaa na jinsia. Kazi nzuri sana, lakini ni panya, na hakuna aliyewapa buletini. Kutoka hapo mpaka "baba hachangii kitu" ni mtu wa simu aliyeruka pasipo daraja.

#5 Nyota_ya_Katindo (Goma)
Laborantini umeruka penye utamu. X ya mvulana inatoka kwa nani? Kwa mama, hana njia nyingine, baba anampa Y. Msichana ndiye anayepokea X moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo tukiufuata ujumbe wenyewe, ile 43% ni ya mama mtupu, na kwenye 81% baba ana mkono wake 🤣🤣

#6 Baba_wa_Bagira
Nimesoma #5 mara tatu. Nimefunga simu, nimefungua tena. Sitamwonyesha.

#7 Mama_Zawadi_Ibanda (Bukavu)
Na sisi wake za watu tunasoma humu, usisahau.

#8 Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Nimefundisha primeri miaka 31, nimestaafu, ila bado watoto wananisalimu sokoni. Mnakimbilia jeni kabla ya kuuliza mtoto anakaa benchi gani.
Nilikuwa na mwanafunzi aliyenakili kila kitu kwa jirani yake. Kila kitu, mpaka jina la jirani juu ya karatasi. Nikamchapa kwa uvivu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Siku moja jirani hakuja, yule mtoto akainuka akaenda kusimama ubaoni, pua karibu iguse chaki, akasoma hesabu zote na kuzijibu. Alikuwa haoni. Tangu la kwanza hakuwahi kuuona ubao.
Halafu lugha. Muulize mtoto wa Kadutu kwa Kiswahili: sambaza vikombe vitatu, kikombe franka 1,500, mteja ametoa 5,000, unarudisha ngapi? Anajibu kabla hujafunga mdomo. Iandike kwa Kifaransa kirefu chenye "sachant que", yaani "ukijua kwamba", anaanza kutafuna kalamu. Ile 43% ni ya hesabu au ni ya Kifaransa?
Baba, kijana wako msimamishe mlangoni, umwambie akusomee kalenda ya ukutani. Bila kumpiga.

#9 Takwimu_Tu (Bukavu)
Mwalimu ana haki, lakini jeni tusizifukuze kabisa. Kuna kazi nyingi juu ya mapacha. Pacha wa yai moja wanafanana kwa alama za majaribio ya akili kuliko pacha wa mayai mawili, hata wakilelewa mbalimbali. Kutoka hapo watu wamepiga hesabu: utotoni kabisa, tofauti za akili baina ya watoto zinaelezwa na tofauti za jeni kwa kama 20%, umri wa shule kama 40%, ukubwani 60% au zaidi. Inapanda na umri! Wengi wanategemea ishuke, kwa kuwa mtu mzima ameona mengi. Maelezo mojawapo ni kwamba mtoto akikua anajichagulia mwenyewe: anayependa kusoma anatafuta vitabu, anayependa mpira anatafuta kiwanja, na kila mmoja anazidi pale alipoelekea.
Angalizo kubwa: 60% haina maana umepewa 60% ya akili yako na wazazi na 40% umeokota barabarani. Ni namba ya kundi la watu, mahali fulani, wakati fulani. Kundi likibadilika, namba inabadilika. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya Marekani juu ya pacha wa miaka saba: kwenye familia za pesa jeni zilieleza sehemu kubwa ya tofauti, kwenye familia maskini karibu hazikueleza chochote. Ulaya walipojaribu kuona hivyo hivyo hawakukuta.

#10 Mkulima_Kabare
Kwa hiyo ni maharage. Mfuko mmoja wa mbegu mchanganyiko, nusu napanda juu kwangu, nusu shemeji anapanda Masisi kwenye udongo mweusi wa volkano. Ndani ya shamba langu, lililozidi ni mbegu. Kati yangu na shemeji, ni udongo. Diploma si lazima.

#11 Takwimu_Tu
#10 umenimalizia mwezi mzima wa masomo. Ndiyo hiyo.

#12 Mjukuu_wa_Idjwi (Bukavu)
Ngojeni niwape udongo wenyewe.
Bibi yangu wa kaskazini mwa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Nikiwa mdogo nilidhani ni sehemu ya kuwa bibi, kama mvi. Alikuwa akivaa kitambaa shingoni kanisani tu, nyumbani hakujali, na sisi wajukuu tulikuwa tunagusa. Karibu kila nyumba ya upande ule ilikuwa na mwenye nalo, na kwenye nyumba kadhaa kulikuwa na mtu mmoja mfupi sana, kiziwi, asiyesema, anayechunga mbuzi maisha yake yote. Watu walisema ukoo ule umelaaniwa, usioe pale. Damu mbaya. Yaani jeni, kwa lugha ya uzi huu.
Miaka ya 1960 watafiti wa IRSAC, taasisi ya utafiti ya Lwiro, pale Kabare, pamoja na madaktari wa Ubelgiji, walikuja kisiwani kupima shingo, damu na mkojo. Iodini ilikuwa chache kisiwa chote, kaskazini na kusini. Lakini rovu lilijaa zaidi kaskazini. Kama ni upungufu tu, mbona kusini wanapona? Mwisho wakaishika mihogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaacha sumu ambayo mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi ya shingo kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Tezi inavimba ikitafuta. Na mama mwenye mimba asipokuwa na homoni ya tezi hiyo, ubongo wa mtoto unakosa kujengwa tangu tumboni, na ukikosa pale haurudishwi.
Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu. Ni damu ile ile ya bibi. Kilichobadilika ni chumvi, sasa ina iodini.

#13 Mama_Zawadi_Ibanda
Asanti #12. Mimi ni mkunga, na hapo ndipo ujumbe wa mke wa Baba_wa_Bagira unapata ukweli kidogo kwa mlango wa nyuma: akili inatoka kwa mama, lakini kwa tumbo na sufuria kuliko kwa X. Iodini, damu ya kutosha, malaria ya mimba.
Na kina mama, chumvi ya iodini msiiweke wazi dirishani, unyevu na jua vinaitoa. Kopo lenye mfuniko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

#14 KasapaBoy
Batu ba Kivu muko na bahati, tatizo yenu inauzwa ku duka. Uku Lubumbashi ni vumbi. Ku 2009 walitosha utafiti, walipima mukojo ya batu benye kuishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, kobalti ilikuwa juu, juu sana, na batoto njo walizidi bakubwa. Mutoto anacheza chini, anatia mikono mu kinywa. Kisha mwalimu anaandika "hafuati". Kobalti njo inakula akili.

#15 Laborantini_Himbi
KasapaBoy, utafiti huo upo na kweli watoto walizidi. Ila usiitupie kobalti kila kitu. Kinachojulikana vizuri kwa kuharibu akili ya mtoto ni risasi, ile metali, na kwenye kipimo kile kile risasi nayo ilipanda karibu na viwanda. Kobalti ina mambo yake mengine.

#16 KasapaBoy
Sawa, risasi. Vumbi ni ileile.

#17 Semliki_Juu (Goma, mzaliwa wa Beni)
Mmekaa kwenye chumvi na vumbi, hamjauliza akili yenyewe ilitoka wapi. Mtu ana seli za neva bilioni 100 kichwani, ubongo ni 2% ya uzito wa mwili na unakula 20% ya nguvu zote. Kwa nini mwili ukubali gharama hiyo? Mimi nasema ni uvuvi na hesabu, na ushahidi ni wa kwetu. Pale Katanda, kwenye mto Semliki, walichimba ncha za mikuki zilizochongwa kwa mifupa, zina meno kama za wavuvi wa leo, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Miaka kama 90,000. Na juu kidogo ya mto, Ishango, mto unapotoka ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin aliokota 1950 mfupa wenye mikwaruzo ya kuhesabu, wa miaka 8,000. Safu moja ina 11, 13, 17, 19. Hizo zote hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe! Wazee wetu walijua hesabu kabla ya Misri.

#18 Takwimu_Tu
Taratibu mzee wa Semliki. Bilioni 100 ni namba ya kukisia iliyorudiwa mpaka ikazeeka. Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake waliyeyusha ubongo ukawa kama supu wakahesabu viini vya seli: ni kama bilioni 86. Na mfupa wa Ishango umejipunja: miaka 8,000 ni hesabu ya kwanza ya zamani, sasa inasemwa karibu 20,000.
Kuhusu 11, 13, 17, 19: jumla yake 60, safu ya pili 11, 21, 19, 9 jumla tena 60, ya tatu 48. Mmoja anaona hesabu, mwingine anaona kalenda ya mwezi, mwingine anasema ni mikwaruzo ya kushikia mfupa usiteleze. Mimi napenda kalenda, lakini napenda tu.

#19 Semliki_Juu
Miaka 20,000 inanifaa zaidi. Asanti kwa kunisahihisha upande wangu. Na mfupa wenyewe uko Brussels, mjue.

#20 KasapaBoy
Uvuvi haina kitu. Ni moto. Chakula ya kuiva inatumika mbio mu tumbo, tumbo inapunguka, nguvu inapanda ku kichwa. Kula muhogo mubichi siku tatu, kisha unipigie hesabu.

#21 Nyota_ya_Katindo
Ni kusengenya. Msicheke, kuna mtaalamu Robin Dunbar wa Uingereza aliyeona kwamba nyani wanaoishi kwenye makundi makubwa wana gamba kubwa la ubongo. Kujua nani kamkosea nani, nani anadai, nani anajifanya rafiki, ni kazi kuliko kuvua kambale. Waangalie bonobo wetu: wanapatikana Kongo peke yake, kusini ya mto mkubwa, sokwe wako kaskazini. Yule bonobo Kanzi aliyekufa Marekani 2025 alijua alama mamia za kuomba anachotaka, na alijifunzia akiwa mdogo, anacheza tu, wakati wanamfundisha mama yake mlezi ambaye hakushika kitu.

#22 Baba_wa_Bagira
Kwa hiyo hata kwa bonobo akili haikutoka kwa mama. Hiyo nitaionyesha.

#23 Nyota_ya_Katindo
Mama mlezi, nimesema! Hakumzaa!

#24 Mama_Zawadi_Ibanda
Mnaongea gharama ya ubongo kama wanaume: mnataja chakula. Mimi naiona gharama kila usiku kwenye maternite. Kichwa kinapita kwenye mfupa wa nyonga kikijigeuza, mifupa ya fuvu inapandana, na baada ya hapo unashika utosi laini unadunda chini ya kidole. Ubongo wa mtoto anapozaliwa haujafika hata theluthi moja ya ule wa mtu mzima. Wa sokwe unakuwa umepita theluthi. Wetu unamalizikia nje, kwenye kelele, na watu, na maziwa. Kwa hiyo ninyi mnaotenganisha jeni huku na malezi kule, mimi mkasi huo sina.

#25 Laborantini_Himbi
Na kuna jeni moja ina jina kama namba ya gari, ARHGAP11B. Mtu anayo, Neandertali, yule binadamu wa kale aliyetoweka, alikuwa nayo, sokwe hana. Mwaka 2015 watafiti wa Dresden waliiweka kwenye viinitete vya panya: seli za msingi wa ubongo zikaongezeka, na ubongo wa panya ambao kwa kawaida ni laini ukaanza kukunjika kwa baadhi yao. Lakini Neandertali alikuwa na ubongo mkubwa kama wetu, wakati mwingine kutupita, na leo hayupo. Ukubwa hautoshi.

#26 Mtu_wa_Ukweli
Mnazunguka. Ile ramani ya akili za mataifa, inayopanga nchi kwa alama za majaribio ya akili, inajulikana, Afrika iko mwisho, mkubali ni jeni muendelee na maisha.

#27 Takwimu_Tu
Nilijua utafika. Kwenye ramani hiyo alama ya Guinea ya Ikweta ilitoka kwa watoto wa makao ya wenye ulemavu wa akili, huko Hispania. Hiyo ndiyo waliyoiandikia nchi nzima.
Pili, mtafiti James Flynn alionyesha kwamba alama za nchi nyingi zilipanda kama pointi 3 kila miaka kumi kwenye karne ya 20. Jeni hazigeuki kwa mwendo huo. Babu wa Mholanzi akipimwa kwa kipimo cha leo angewekwa chini kwenye ramani yako.
Tatu, jeni zenyewe. Mwaka 2018 walichambua watu milioni 1.1, wote wa asili ya Ulaya, wakapata sehemu 1,271 za DNA zinazohusiana na miaka ya shule. Kila moja ni punje. Ukijumlisha DNA nzima unaeleza 11 mpaka 13% ya tofauti baina yao, na ukipeleka kipimo hicho kwa watu wa asili ya Afrika kinaanguka. Mwaka huo huo huko Iceland waliona kitu cha kushangaza: hata jeni za wazazi ambazo mtoto *hakuzirithi* zinagusa shule yake, kwa sababu zinamtengeneza mzazi anayemlea.

#28 Mwalimu_Kadutu
Hiyo ya Iceland irudie polepole. Jeni ambayo sikukupa, bado inakufundisha?

#29 Takwimu_Tu
Ndiyo, mwalimu. Kwa sababu ilinifanya mimi nipende kukusomea.

#30 Mtu_wa_Ukweli
Na 87% iliyobaki? Hamjaijua. Kaeni na tumaini.

#31 Nyota_ya_Katindo
Kwanza mnapima nini? Goma tunasema bwenge, Lubumbashi na Kinshasa mayele. Mtu wa mayele ndiye anayekuuzia kabati la kwako mwenyewe. Mwenye bwenge anajua kwamba kabati ni lake lakini ananyamaza kulinda amani. Kipimo cha karatasi kinapima kipi?

#32 KasapaBoy
Mayele haina wizi! Mayele ni kupata kitu palipokosa kitu. Dada, iko mutu wa Lubumbashi alikuuzia kabati?

#33 Nyota_ya_Katindo
Sitataja jina.

#34 Baba_wa_Bagira
Nimerudi na habari.
Nilimsimamisha kijana mlangoni kama mwalimu alivyosema. Nikamwambia soma kalenda. Akasema, "Baba, iko mlima na ng'ombe." Nikamwambia, namba. Akanyamaza. Akapiga hatua moja, akakunja macho. Hatua ya pili. Alipofika kwenye meza ndiyo akaanza: mosi, pili, tatu. Anakaa benchi ya nyuma kabisa, nimeuliza, sababu ni mrefu. Alhamisi tunakwenda kwa daktari wa macho.
Nikaona nimeshinda. Nikamweleza mke wangu na shangazi kila kitu: buji, panya, chumvi, mpaka Iceland. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na bahasha aliyokuja nayo kutoka Walungu. Ndani kuna buletini yangu ya la nne. 44%. Na wino mwekundu umefifia: "mtoto hafuati".

#35 KasapaBoy
#2. Sisemi kitu ingine.

#36 Mwalimu_Kadutu
Baba, na wewe miwani ulivaa ukiwa na umri gani?

#37 Baba_wa_Bagira
Miaka 26. Nilidhani kila mtu anaona miti ya mbali kama moshi.

#38 Laborantini_Himbi
Macho ya kutoona mbali kweli yanafuata ukoo kwa kiasi kikubwa. Ila si jeni tu, watoto wanaocheza nje sana hawalipati sana tatizo hilo.

#39 Baba_wa_Bagira
Umechelewa. Mke wangu ameshatuma kwenye kundi la parokia: macho mabovu yanatoka kwa baba, sayansi imethibitisha.